Kadi Yenye Shimo la Juu

Kompyuta mpya ilipofika Ofisi ya Chapa za Ng'ombe mjini Shinyanga, mwaka 1986, ilichinjiwa mbuzi. Si utani. Mkuu wa ofisi, Bartholomeo, alinunua beberu kwa fedha yake mwenyewe, wafanyakazi wote sita wakala nyama, na ile mashine ya zamani iliyokuwa imejaza nusu ya chumba ikasukumwa stoo. Salvina naye alikula, ila nyama haikumshuka vizuri. Kwa miaka kumi na miwili kazi yake ilikuwa kutoboa kadi za mashine ile, na alijua jambo moja ambalo kompyuta mpya haikuambiwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kila chapa ya ng'ombe ilikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, na matundu ya kadi yalisema namba ya chapa na namba ya kijiji, basi. Programu ya kuzisoma iliandikwa zamani, vijiji vilipokuwa havijafika mia, kwa hiyo nafasi ya kijiji ilikuwa ya tarakimu mbili tu. Ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa na vitanda vyao juu ya malori, namba zikapita mia, na aliyeandika programu alikuwa amekwisha kurudi kwao Ulaya. Salvina ndiye aliyepata dawa. Kwa kijiji cha mia na zaidi alitoboa shimo moja la ziada, juu kabisa ya kadi, na fundi akairekebisha mashine ili ikiliona shimo hilo iongeze mia. Samuye ilikuwa kijiji 114. Kwenye kadi ulisoma 14, na juu yake shimo.

Mtaalamu aliyeleta kompyuta hakuandika programu nyingine. Aliichukua ileile kuukuu akaiingiza kwenye kompyuta mpya, kadi zikasomwa moja moja zikahamia kwenye diski. Padre wa Ushirombo aliyembatiza Salvina alipenda kuhubiri juu ya divai mpya katika viriba vikuukuu. Hakusema neno juu ya divai kuukuu katika kiriba kipya. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema Bartholomeo, kumbe furaha yake ni kwamba hatajifunza kitu kipya uzeeni. Programu ilifanya kazi kwa kasi ya ajabu. Shimo la juu kompyuta ililiona kama uchafu, ikaliruka.

Mwezi wa tatu Salvina aliona orodha imeziweka chapa za Samuye katika kijiji namba 14. Akamwendea mkuu wake.

"Nyamaza kwanza, mama," Bartholomeo alimwambia. "Wageni kutoka Dar wanakuja kuiona kompyuta mwezi wa saba. Wakiondoka tutarekebisha."

Akanyamaza. Alikuwa na watoto watatu na mshahara mmoja, na kusema kweli alikuwa amechoka kubishana na mtu asiyesikia. Jioni ile alirudi nyumbani, akasonga ugali, akala.

Orodha ikagawiwa Sungusungu wa kila kijiji. Miaka ile wezi wa ng'ombe walikuja na mapanga na bunduki, na wananchi waliochoka kuwasubiri polisi walijiundia jeshi lao la mishale na filimbi. Mwezi wa tano wezi waliingia kijiji namba 14, Ng'wakabeho, kwa mzee mwenye ng'ombe arobaini, wakawaswaga wote. Waliwakata watu saba wa boma lile, akiwemo mtoto wa mgongoni, aliyekatwa pamoja na mgongo uliombeba. Waliowajua ng'ombe wale kwa rangi na kwa majina wakawa wote kaburini. Ikabaki karatasi ya ofisi kusema ng'ombe yupi ni wa kijiji hicho.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, mtu wa baiskeli aliingia ofisini amejaa vumbi.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia Salvina kwa Kisukuma, akimwita mama. Alitoka kijiji cha Ikonongo, kwenye njia ya Mwakitolyo. "Karatasi yenu imetusaidia sana. Tumemkamata mmoja na ng'ombe kumi na mmoja, anawapeleka machimboni wakachinjwe. Chapa 4072. Karatasi inasema kijiji 14. Yeye anadai ng'ombe ni wake, ati anaitwa Ngassa, ati anatoka Samuye. Kamanda anataka mhuri wenu tu hapa. Saa sita tunamaliza."

"Mnamaliza nini?"

"Yeye," alisema yule mtu, akishangaa kuulizwa.

Salvina aliinuka kitini. Hakugonga mhuri. Aliingia stoo, akatoa kasha la mbao alimohifadhi kadi zote alizozitoboa shimo la juu, zimepangwa kwa namba za chapa, akalibeba hadi mezani kwa Bartholomeo.

"Utanipeleka Ikonongo sasa hivi," alisema, "au nitakwenda polisi na kasha hili niwaeleze ulichoniambia mwezi wa tatu."

Bartholomeo alichukua ufunguo wa Land Rover. Baiskeli ikatupwa nyuma. Njia ilikuwa mashimo matupu, na Bartholomeo aliendesha kama mtu anayepeleka mayai sokoni, mpaka Salvina akamfokea kwa maneno ambayo hakuwahi kumtamkia mwanamume yeyote, achilia mbali mkuu wake wa kazi.

Walifika saa tano na nusu. Ngassa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya zizi kwa kamba ya katani. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Sungusungu walikuwa wakimuuliza majina ya wenzake, na kwa kila jina ambalo hakulitaja walimvunja kidole kimoja kwa mchi, juu ya gogo. Mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha. Wa kulia ulikuwa umebaki na vidole viwili. Watu kama mia mbili walisimama kimya wakitazama, wengine na watoto mabegani.

Bartholomeo alitangulia, akakohoa. "Ndugu zangu, kumetokea hitilafu ndogo ya kitaalamu..."

"Wewe ni nani?" aliuliza kamanda. Aliitwa Maige, mtu mfupi mwenye sauti ya pole, upinde begani na karatasi ya ofisi mkononi.

"Mkuu wa ofisi iliyotoa karatasi hiyo."

"Basi tunakushukuru. Jumanne ya wiki iliyopita tulimmaliza mmoja kwa karatasi hii hii, Bujiku, na ng'ombe sita. Hakuja mtu kusema hitilafu." Maige akamgeukia mwenye mchi. "Endelea."

Bartholomeo akarudi nyuma, hatua moja, ya pili, mpaka mgongo wake ukagusa gari. Mchi uliinuliwa. Salvina alisukuma watu kwa kasha lake, akajitupa juu ya gogo, na mwenye mchi alipoona mwanamke aliugeuza usimpasue kichwa. Kijana mmoja hakuwa na huruma hiyo. Alimchapa fimbo ya sikio, na sikio likaanza kuvuja damu hadi kwenye kola ya gauni.

"Mniue baadaye!" alipiga kelele. "Kwanza mnisikilize! Karatasi hiyo inadanganya!"

"Kompyuta haidanganyi," alisema katibu wa Sungusungu, kijana wa darasa la saba. "Tumeambiwa kwenye semina."

Salvina alimgeukia Maige. Aliuliza, "Kamanda, una ng'ombe?"

"Ninao."

"Chapa yako?"

"2960."

"Katibu, itafute kwenye karatasi. Chapa 2960 ni ya kijiji gani?"

Katibu alipitisha kidole juu ya mistari. Hakuna aliyewahi kuitafuta chapa yake mwenyewe. Nani atafute anachokijua? Kidole kikasimama. "Kijiji 22," alisema, kisha akasoma tena kwa sauti ndogo. "22 ni kule Kahama, kamanda. Sisi ni 122."

"Basi kwa karatasi hiyo wewe ni mwizi wa Kahama," Salvina alisema. Alitoa kadi mbili kashani, ya Maige na ya Ngassa, akaziinua kuelekea jua. Mwanga ulipita kwenye matundu ukaanguka usoni mwa kamanda. "Tazama hapa juu. Shimo hili ni mia. Nilitoboa mimi, kwa mkono huu. Kompyuta mpya haina macho ya kuliona. Huyu ni wa 114. Huyu ni Ngassa wa Samuye, na ng'ombe ni wake."

Maige alitazama muda mrefu. Alizishika kadi mwenyewe, akaziinua, akazishusha, akaziinua tena. Kisha alichomoa kisu akakata kamba, na Ngassa akaanguka kifudifudi kwenye samadi. Wanawake wawili walikimbia na maji.

Salvina aliketi palepale chini, akalia. Alimshukuru Mungu kwa sauti, bila aibu, mbele ya watu wote wale. Alikuwa amewahi.

Ndipo mwanamke akasimama kando ya barabara. Alikuwa amekaa pale siku tatu, hakuna aliyempa hata kata ya maji, kwa kuwa mke wa mwizi ni mwizi. Aliitwa Limi. Alikuja kuuliza walikomtupa mumewe ili amzike.

"Mayu," alimwambia Salvina, "nisomee na ya Bujiku wangu. 5518."

"Sema haimo," Bartholomeo alimsihi kutoka garini. "Mama, kwa ajili ya Mungu, sema haimo."

Salvina alipitisha vidole juu ya kingo za kadi, taratibu, akiomba isiwemo. Ilikuwamo. Aliitoa, akaiinua, mwanga ukapita.

"Ni 108," alisema. "Si 08. Ng'ombe walikuwa wake."

Limi hakupiga yowe. Aliichukua kadi, akaiingiza kifuani ndani ya khanga. "Hili la kutokuona shimo," aliuliza, "wewe ulilijua lini?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema asubuhi hii, alipokuja mtu wa baiskeli, na watu wote wale wangemwamini na kumbeba mabegani. Salvina alimtazama yule mwanamke miguu iliyopasuka, midomo iliyokauka.

"Tangu mwezi wa tatu," alisema.

Land Rover ikawaka. Vijana walikimbia kuizuia, lakini Bartholomeo aliwapitia katikati, akamgonga mmoja bega, akatokomea na vumbi lake. Hakuna aliyebaki wa ile ofisi ila Salvina na kasha.

Maige alichukua fimbo kwa yule kijana, akaiweka mkononi mwa Limi. Ndiyo ilikuwa sheria yao: aliyeumizwa ndiye anayepiga, na ndiye anayesema basi. Salvina hakukimbia wala hakuinua mikono. Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili mdomoni, ikaondoka na meno. Kwa ya tatu aliusikia mfupa wa mkono ukiitika. Hakuzihesabu tena. Limi alipiga bila neno, akihema kama mtu anayepasua kuni za msiba.

Limi aliposimama kuvuta pumzi, Maige alimgeukia Ngassa, maana naye alikuwa na haki siku ile.

"Ngassa, mwanamke huyu amekutoa kifoni. Inatosha?"

Ngassa alikuwa ameketishwa kwenye ukuta wa zizi, mikono yake mapajani, vidole vinane vimegeukia kusiko. Salvina alimtazama kwa jicho moja lililobaki wazi. Ngassa alitema damu, akageuza uso upande wa ng'ombe wake.

Limi akainua fimbo.