Utetezi Ambao Korbinian Aliuacha

Jaji Irmtraud Haslinger alikuwa ameliona jambo hilo tangu aliposoma jalada la kesi. Mtufaha wa mzee Korbinian Stadler ulipandwa karibu mno na mpaka, lakini miaka mitano ya kuulalamikia ilikwisha kupita. Mzee angesema tu, "Muda umepita," mti ungepona. Asiposema, ungekatwa. Na jaji hakuruhusiwa kumnong'oneza. Katika mahakama ile ndogo ya Bavaria kesi ni ya wenyewe: jaji haongezi dai, wala hamwazimi mtu utetezi.

Korbinian alikuja bila wakili, amevaa koti lake la kanisani. Jirani aliyemshtaki, mjane Roswitha, alikaa mkabala naye, mkoba mapajani.

"Jiko langu giza kama pango," alisema Roswitha. "Mchana kweupe nawasha taa!"

"Unaiwasha uchungulie nani kaja kwangu."

"Nani aje kwako, kwa mdomo huo?"

"Bwana Stadler," jaji akaingilia, "una la kujitetea?" Moyoni aliomba: Mungu wangu, mfungue kinywa.

"Binti yangu kanisomea sheria. Najua muda umepita. Sitaki kuutumia." Mzee aliikunja kofia yake. "Mti huu aliupanda marehemu mke wangu, Leni. Siku ile Wastl, mume wa huyu mama, aliniuliza pale uani, 'Ukitutia giza je?' Nikampa mkono, nikasema nitaukata. Basi, nalikubali dai."

Miaka ishirini kwenye kiti kile, jaji hakuwahi kuona mtu akiushika ushindi mkononi kisha akauweka mezani. Sasa alipaswa kuhukumu kama mzee alivyokubali. Akachukua kinasa sauti cha kumbukumbu za mahakama.

"Ngoja kwanza, mheshimiwa." Roswitha akamgeukia jirani yake. "Wastl hakuniambia! Na wewe, kichwa ngumu, mbona hukusema?"

"Ulikuja lini kuniuliza? Umeniletea barua ya mahakama."

Roswitha akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, naweza kuomba pungufu?"

"Dai ni lako, mama."

"Basi tawi la dirishani tu. Mti wa Leni ubaki."

"Nitalikata Jumamosi," alisema Korbinian.

"Usianguke tu, nisije nikashtakiwa mimi."

Jaji aliyasema mapatano kwenye kinasa sauti, kisha akawarudishia sauti waisikie na kuikubali, kama ilivyo desturi. Roswitha akasema, "Nimekubali." Korbinian alichelewa kusema lake, alikuwa anatafuta leso ya kufuta macho.