Mtutu wa Kipimo cha Ishirini

"Chungulia," alisema Delmar Voss, akanikabidhi mtutu kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mchanga.

Niliuelekeza dirishani. Ndani ya chuma mwanga ulikuwa umejisokota, duara ndani ya duara, ukikimbilia theluji ya Machi iliyokuwa ikiyeyuka uwanjani. Ulikuwa mtutu mnene, wa inchi ishirini na sita, wa chuma kisichoshika kutu, ambao bado haujafungwa kwenye bunduki yoyote. Tundu lake lilikuwa la kipimo cha ishirini na mbili, yaani sehemu ishirini na mbili katika mia za inchi. Kipimo cha baba yangu, na cha babu kabla yake. Kwetu, magharibi ya Dakota Kusini, mtu akisema anakwenda kupiga kindi wa mashimo, wale wanaotoboa malisho, bila kutaja kipimo, unajua ni ishirini na mbili, kama unavyojua kwamba kahawa yake haina maziwa.

"Umelala kwenye rafu tangu Krismasi," Delmar alisema. "Aliyeuagiza amehamia Arizona, siku hizi anacheza gofu. Nikianza kesho, wiki mbili bunduki iko mkononi mwako. Mtawahi nyasi zikiwa bado fupi."

Baba alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni. Karakana ya Delmar ilikuwa na joto la kukausha nguo mbichi, lakini koti hakuvua. Nililiona koti lile. Sikuuliza kwa nini.

"Mimi nataka ishirini," nikasema.

Delmar alikuwa fundi bunduki kwa miaka thelathini na tano, na alikuwa na tabia ya kufuta mikono hata ikiwa safi. Alifuta. "Ishirini ni tundu dogo. Risasi yake nyepesi. Upepo wa huku utaichezea kama karatasi."

"Inakimbia, na haina teke."

"Kumbe ni teke unaloogopa, Tate?" Baba aliuliza kutoka kwenye jiko. "Mtu mzima na ndevu zake. Delmar, huna mto mdogo tumwekee begani? Wenye maua."

Delmar alicheka. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu nilikuwa nimekuja pale na kisasi changu, nimekibeba miezi kumi kama mtu anayebeba kaa la moto kwenye kiganja na kujisifu kwamba haliungui.

Kindi hupigwa na watu wawili. Mmoja analala nyuma ya bunduki, mwingine anakaa kando yake na darubini ya miguu mitatu. Bunduki ikilia, inapiga teke, inaruka, na mpigaji anapoteza kila alichokuwa anakiona. Kwa nukta ile moja ni kipofu. Anayejua risasi imetua wapi ni yule wa kando, aliyeona vumbi likiinuka, naye ndiye anayesema: kulia kidogo, juu kidogo, umempata. Tangu fahali alipombana Baba kwenye lango na kumvunja bega, hakuweza tena kupiga. Alihamia kwenye darubini. Msimu wa pili sasa alikuwa macho yangu, na hapakuwa na macho makali kama yake katika kaunti nzima. Wala ulimi.

Mei iliyotangulia tulikuwa kwenye malisho ya Bi Lorraine Sletten, ambaye kila mwaka alitupigia simu mwenyewe tangu ndama wake alipovunjika mguu kwenye mashimo ya kindi. Siku hiyo mkwe wake alikuwepo, pamoja na rafiki zake wawili kutoka mjini. Nilikosa mara moja, nikakosa tena, nikakosa ya tatu.

"Kushoto," Baba alisema. "Kushoto tena. Kushoto mara ya tatu. Yule kindi pale amekunja mikono, anakusubiri, na ana watoto wa kulea."

Wageni waliangua kicheko. Mkwe alijipiga paja. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilidhani heshima ya mwanamume ni kama yai, likipasuka halifungiki tena. Nilitoa meno yangu nje ili nionekane nami ninacheka. Moyoni niliapa kwamba bunduki yangu ya kwanza ya kutengenezewa, itakayopimwa kwa mwili wangu, haitakuwa na nafasi ya mtu wa kando.

Ndiyo maana, mbele ya Delmar, nilikuwa na hotuba tayari. Nikamweleza kana kwamba ndiye mwanafunzi. Risasi ndogo, baruti kidogo, mtutu mzito: bunduki inabaki imetulia juu ya mfuko wake wa mchanga. Haichezi. Picha kwenye darubini ya bunduki haipotei. Mpigaji anaiona risasi yake mwenyewe ikifika.

"Nitajionea," nikasema. "Sitahitaji mtu wa kuniambia."

Gogo lilianguka ndani ya jiko. Baba alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta jina lake lililoandikwa huko, akaivaa tena.

Delmar aliuchukua mtutu mikononi mwangu, akaanza kuuviringisha kwenye kitambaa chake chenye mafuta. "Tundu ni uamuzi wa mara moja," alisema polepole. "Dogo naweza kulipanua. Kubwa siwezi kulipunguza. Halafu wa ishirini sina. Itabidi niuagize, na wanaotengeneza wana foleni ndefu. Septemba, tukibahatika."

"Nitasubiri."

"Arlo?" Delmar alimgeukia Baba.

"Unaniuliza mimi nini?" Baba alisema. "Bunduki ni yake."

Tulirudi nyumbani kwa pikapu yake, mimi nikiendesha. Maji ya theluji yalikuwa yamejaa mifereji ya pande zote mbili za barabara. Tulipita lango la Sletten. Tulipofika kwenye kilima cha kanisa, akauliza, "Alisema Septemba?"

"Septemba."

"Mwezi mzuri," alisema. "Hauna mbu."

Nilidhani ananikejeli, nikaongeza mwendo. Baada ya kama maili mbili akasema tena, akiangalia nje ya dirisha lake, "Lakini Mei hii tunaweza kwenda na ile yangu ya zamani. Unasubiri huku unapiga. Si vibaya."

"Nitasubiri yangu, Baba."

Alifungua redio. Mtangazaji alikuwa anasoma bei za ng'ombe, na Baba alizisikiliza mpaka mwisho, kwa makini, kama mtu ambaye bado ana ng'ombe wa kuuza.

Nimeyarudia maneno yangu yale matatu mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Nitasubiri yangu, Baba. Nimeyageuza, nimeyasema kwa upole, nimeyasema kwa utani, nimejaribu kuyakuta na maana nyingine. Hayana. Ni maneno ya mtu mwenye afya aliyedhani kila mtu ana Septemba.

Mei ilipita. Bi Lorraine alipiga simu, Mama akamwambia mwaka huu hatuji. Nilikuwa nimechukua kazi ya kujenga uzio kaunti ya jirani, narudi Jumapili, nakula, naondoka. Kila Jumapili Baba alikuwa mwembamba kidogo kuliko Jumapili iliyopita, naye kila Jumapili alikuwa na sababu: meno, joto, mapishi ya Mama. Mama alicheka alipotajwa. Leo najua alichekea sahani aliyokuwa anaiosha, nisiuone uso wake.

Juni alianguka ghalani. Katika hospitali ya Rapid City, daktari alizungumza nasi kuhusu saratani ya kongosho ya Baba kwa sauti ya mtu anayeendeleza mazungumzo ya zamani. Mara akaniangalia, akaona uso wangu, akalifunga faili. Alikuwa amewaambia Baba na Mama mwezi wa Februari. Wote wawili.

"Alinikataza," Mama alisema tulipokuwa wawili kwenye korido. "Hakutaka umwangalie kama ng'ombe wa mnada."

Februari. Yaani siku ile karakanani, na koti lake mwilini, alikuwa anajua.

Alifariki Julai tarehe kumi na tisa, saa tisa mchana, feni ya dirishani ikizunguka na kumpuliza nywele kana kwamba yuko safarini. Siku za mwisho tuliongea kuhusu pampu ya kisima na gari la Mama. Mara mbili nilifungua mdomo kusema juu ya ile Mei niliyomnyima. Mara zote mbili alifumba macho kabla sijaanza, na sikujua kama amechoka au ananihurumia. Tulimzika kilimani. Katika ukumbi wa chini ya kanisa akina mama walitandaza mikate ya nyama na viazi vya kuoka, na Delmar Voss alikuja amevaa suti iliyombana, akanishika mkono, akaondoka bila kula.

Alinipigia simu wiki ya tatu ya Septemba.

Bunduki ilikuwa juu ya meza ya karakana, kwenye blanketi. Sina haja ya kuisifu. Kitako kilikuwa cha mbao ya mjozi, mishipa yake ya kahawia ikitiririka kuelekea begani. Mtutu ulikuwa mzito kama nilivyotaka. Nilichungulia tundu la ishirini, jembamba, safi, na mwanga wake mdogo kule mwisho.

"Nilikuwa sitaki kukuambia," Delmar alisema, akifuta mikono. "Nimekaa nalo tangu mazishi. Ukinichukia, nichukie."

"Sema tu, Bwana Voss."

"Alirudi. Kesho yake baada ya siku ile mliyokuja. Peke yake, na alikuwa amekatazwa kuendesha gari. Akaniuliza kama naweza kufunga ule mtutu wa rafuni ndani ya wiki mbili, upate kuutumia msimu ule, halafu wako ukija nibadilishe. Nikamwambia inawezekana, ni kazi ya kawaida. Nilikuwa nimeshauchukua, Tate. Nilikuwa naenda nao kwenye mashine ya kukerezea." Alikunja kitambaa chake. "Akaniambia niurudishe. Akasema, 'Nikimlazimisha, itabidi nimwambie sababu. Na akiijua sababu atakuja kwa huruma. Sitaki kukaa kando ya mtu aliyenihurumia.'"

Nilitaka kusema kitu kikali. Ndicho nilichokuwa nacho siku zote, kitu kikali. Nikatafuta nikakuta mahali pake ni patupu.

"Alikunywa kahawa," Delmar aliongeza. "Akasema ni mbaya. Akaenda zake."

Jumamosi nilikwenda kwenye malisho ya Sletten. Nyasi zilikuwa zimekauka, ndefu, rangi ya mgongo wa simba, zikilala na kuinuka. Kindi walikuwa wanene kwa ajili ya baridi inayokuja, mmoja mmoja wamesimama kwenye vichuguu vyao. Nilitandika turubai, nikaweka mfuko wa mchanga, nikalala chini. Nikachagua mmoja aliye mbali, yadi mia tatu au zaidi. Upepo ulitoka kulia. Nikavuta pumzi, nikaiacha nusu.

Bunduki ililia na haikutikisika. Kila kitu kilikuwa kama nilivyomhubiria Delmar. Picha haikupotea. Niliiona risasi yangu ikifika, nikaona vumbi likiinuka kushoto ya yule kindi, inchi tatu hivi, na kindi akigeuza kichwa kulitazama. Niliona vizuri mno. Nilibaki na jicho kwenye darubini na kidole nje ya kifyatulio, nikisikiliza, mpaka vumbi likaisha lote.

Sikuingiza risasi ya pili.

Bi Lorraine alikuja na pikipiki yake ya magurudumu manne, skafu kichwani, mbwa wake amekaa nyuma. Alizima injini mbali kidogo, akatembea. Alisimama juu yangu, akaangalia turubai, akaangalia bunduki, hakuniangalia mimi.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Nzuri. Nimesikia mlio mmoja tu." Aliinama, akagusa mtutu kwa ncha ya kidole. "Na teke lake je? Ile ya Arlo ilikuwa inapiga kama nyumbu."

"Hii haina," nikasema. "Hata hulisikii."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akakaa chini kwenye nyasi, akamkuna mbwa wake mgongoni, akatazama upande mwingine mpaka nilipomaliza kufuta uso.