Mzigo Nilioutaja kwa Mzee Polikarpo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nasema mapema ili msijisumbue kumtafuta mwingine. Mzee Polikarpo alifanya kazi yake, mke wangu Levina alifanya yake, hata binti yetu Edna, mwenye miaka tisa, alikaa pale alipoambiwa akae. Aliyedanganya ndani ya mtumbwi ule ni mmoja tu: mimi Raimundi, mtu mzima mwenye kitambi na kadi ya kliniki.

Ilikuwa Machi ya mwaka tisini na nane, mvua za El Nino bado zinatuonyesha kazi. Nilikuwa naendesha mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Ni kazi ya kukaa, na nilikaa kweli, hadi nikafika kilo mia moja na nne. Nesi alinipima presha, akanitazama, akasema nisipopungua, wali wa msimu ujao watu watakuja kuula msibani kwangu. Mimi nikacheka. Levina hakucheka.

Yeye ndiye aliyepanga dawa. Kila Jumapili baada ya misa sisi watatu tunatembea kwa miguu hadi shambani kwa mama yake, ng'ambo ya mto Lumemo. Tunashinda huko, jioni tunarudi. Jumamosi napanda kwenye mzani wa magunia pale mashineni, Edna anasoma namba, na wapakiaji wanashangilia kana kwamba goli limeingia. Kufikia Machi, kilo tisa zilikuwa zimekwenda, na nilikuwa namtangazia kila aliyeleta mpunga, aulize asiulize.

Sharti la Levina lilikuwa moja: kwenye matembezi, hakuna mawe.

Maana mimi naokota mawe. Wenzangu wanakusanya stempu, wengine vifuniko vya soda. Mimi ni mawe ya mtoni, yale yanayoshushwa na Lumemo kutoka milima ya Udzungwa: meupe yenye mshipa mwekundu, meusi yanayong'aa yakilowa, na moja lenye duara kama jicho la kuku. Nilianza nikiwa utingo. Lori likifa njiani wiki nzima huna la kufanya ila kutazama chini. Lori limekwisha, tajiri wake kafilisika, mawe yamebaki. Levina hakuyachukia. Alichochukia ni kwamba kila nikiinama matembezi yanasimama, na mtoto anabaki kuzungumza na mgongo wa baba yake. Alishasema nikiokota tena Jumapili, nitatembea peke yangu.

Jumapili ile wao walikuwa mpungani wanang'oa magugu na bibi. Nikasema nakwenda kujinyoosha. Maji yalikuwa yamefukua ukingo wa kijito na kuacha mawe ambayo sijapata kuyaona. Basi tena. Nikajaza mkoba wa turubai, juu nikafunika kwa sweta la Edna na mahindi mabichi manne.

Jioni tulikuta daraja la magogo tulilovukia asubuhi halipo. Mvua ya milimani ilikuwa imelichukua, na mto umepanda, wa rangi ya chai ya maziwa, unapita na matawi mazima. Mwenye mtumbwi alikuwa mmoja, Mzee Polikarpo, Mndamba aliyeujua mto ule tangu hajaota meno. Naye alikuwa na utaratibu wake: kila mtu anataja mzigo wake kwa mdomo, kisha yeye ndiye anayepanga nani akae wapi. Begi la mtu haligusi. Kwake, kuinua mzigo wa mtu mzima ili kuupima ni kumwita mwongo mbele ya familia yake.

Tukampa shikamoo. Levina akataja nusu debe ya mbegu ya mpunga aliyopewa na mama yake. Mafuriko yalishabeba shamba letu mara moja, na mbegu hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo ya kurudia. Zamu yangu ilipofika nikataja sweta la mtoto na mahindi. Mzee akaniuliza uzito wangu. Nikamwambia tisini na tano, na kwa ujinga wangu nikaongeza kuwa nimepungua.

Akampanga Levina mbele, mimi katikati, Edna nyuma yangu, na mizigo yote miguuni pa Edna, kwa kuwa mtoto ni mwepesi. Yeye akasimama nyuma kabisa na pondo lake.

Tulipofika katikati nikasikia Edna anavuta pumzi. Maji yalikuwa yanaingia upande wake, kidogo kidogo, kama mtu anayemimina kwa kikombe. Hakuna aliyejua kuogelea zaidi ya mzee. Levina alishika kingo mbili za mtumbwi asigeuke.

"Nyuma kumelala," mzee alisema polepole. "Kizito tulichonacho ni mbegu. Itupeni."

Levina hakubisha. Bila kugeuza shingo aliniambia, "Baba Edna, tupa."

Nikaupinda mkono nyuma, nikapapasa. Kidole kiligusa mkoba kwanza. Nakiri kiligusa mkoba kwanza. Nikauruka, nikashika kile kimfuko cha mbegu, nikakitupa.

Maji yakaendelea kuingia. Sasa yalikuwa yamefika kiunoni kwa Edna, na mzee alikuwa ameanza kupumua kwa sauti. Nikajiambia labda yatatulia. Hapo binti yangu, ambaye nilidhani hajui kitu, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, tupa na mawe."

Nikautupa mkoba. Sweta na mahindi haviangukii majini kwa mshindo ule. Mtumbwi ukainuka nyuma, mzee akasukuma pondo mara sita, saba, tukagusa tope la ng'ambo. Mzee Polikarpo alimshusha Edna kwa mikono yake, akaufunga mtumbwi, akaondoka bila kuniaga.

Njiani nilijitetea. Nilisema mtoto hajambo, sote hatujambo, na mawe yenyewe yamerudi yalikotoka. Levina alikuwa anakamua kanga yake. Nikazidisha maneno.

"Halafu zile kilo tisa nilizopunguza huzitaji," nikasema. "Ningekuwa na mwili wa Januari tungezama pale pale."

Akasimama, akamshika Edna mkono.

"Tumeziona, baba Edna. Zilikuwa kwenye mkoba, na ulitupa mbegu yangu ili zipate nafasi."