Ng'ombe Aliyeitwa Asante

Sauti ndiyo iliyomsimamisha. Ilitoka ndani ya ukungu, upande ambao macho yake hayakuona kitu zaidi ya weupe na moshi: mlio mzito ulioanza chini, ukapanda, ukakatika katikati kama mtu aliyemeza vibaya, kisha ukaendelea. Mucyo alibaki na mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine kwenye matope. Katika ng'ombe wote wa milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, alimjua mmoja tu aliyelia hivyo.

Alikuwa ametembea tangu alfajiri, kamba mpya begani na fimbo ya marehemu baba yake mkononi. Jana, mwenye pikipiki mmoja alimletea habari kwamba Kashuga, katika kambi ya waliokimbia vita, kulikuwa na ng'ombe wa rangi ya kahawia iliyoiva, sikio la kushoto limepasuka. Mucyo hakulala. Miezi saba ilikuwa imepita tangu watu wenye bunduki wapande kilima chao na kuswaga ng'ombe kumi na mmoja mchana kweupe, huku wakipiga miluzi kama watu waendao sokoni. Mzee Semana, baba yake, aliwafuata na fimbo hiyo hiyo. Alirudishwa kesho yake juu ya machela ya miti, na hakusema neno tena mpaka walipomzika.

Nyumbani alibaki mama, Nyiransengimana, pamoja na Isimbi, dada yake wa miaka kumi na miwili, ambaye mikono yake ilikuwa imekonda mpaka bangili zikamtoka zenyewe. Kila magharibi mama aliwaweka karibu na moto na kumtaka kila mmoja ataje jambo moja la kumshukuru Mungu. Mucyo aligoma.

"Nitaje nini, Mama? Majani ya maboga?"

"Basi anza na majani ya maboga," mama alimjibu, bila kumtazama.

Mucyo alitoka nje akaupiga teke mti wa uzio. Hasira yake alikuwa ameitunza vizuri kuliko kitu chochote kilichobaki katika nyumba ile, na asubuhi hii alikuwa ameibeba yote hadi Kashuga.

Alipita kati ya vibanda vya turubai, akiufuata mlio. Mbele ya kibanda cha mwisho, karibu na shamba la maharage, akamwona. Bihogo, ng'ombe wa baba yake! Mbavu zilihesabika. Pajani alikuwa na kovu refu, jeusi. Alikuwa amefungwa kwa kamba iliyosukwa kwa vipande vya kitenge, na mbali, kwenye kigingi kingine, ndama jike alikuwa akijivuta shingo kumfikia mama yake.

Na pale chini, juu ya bidon, dumu la maji lililopinduliwa, mwanamke mmoja alikuwa akimkamua.

Kukamua gani kule! Alikaa upande wa kulia, upande ambao Bihogo hakuzoea kuguswa. Alivuta chuchu kama mtu anayekamua nguo iliyofuliwa. Maziwa yalidondoka kwenye beseni ya plastiki, tone, tone, kama bomba la mji lililokatiwa maji. Ng'ombe alirusha mguu.

"Tulia, Asante," mwanamke akasema. "Tulia, mama."

Asante! Mucyo alihisi damu ikimpanda masikioni. Ng'ombe ambaye hata bibi wa bibi yake alikuwa na jina na sifa zake, leo anaitwa kama kibao cha duka!

Alitaka kusema, lakini watoto walimtangulia. Walitoka vibandani wakiwa na vikopo, tisa kwa hesabu, wakapanga mstari. Mwanamke aliwamiminia kila mmoja kidole kimoja cha maziwa, hakupunja, hakuzidisha. Hakuna aliyeonja. Walingoja. Mwanamke alifanya ishara ya msalaba, nao wakafanya.

"Mungu Baba, tunakushukuru juu tumelala bila kusikia masasi ya bunduki. Tunakushukuru kwa hii maziwa. Tunakushukuru kwa Asante, ng'ombe ulitutumia. Na mwenyeji wake, fasi yote iko, karibu ao mbali, umupe chakula leo, umupe mwili muzima, umufute machozi..."

"Mwenyeji wake njo mimi," Mucyo akasema kwa sauti kubwa. "Amina."

Vikopo vilibaki hewani. Mwanamke aligeuka polepole, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Njo weye?"

"Njo mimi. Na haitwi Asante. Anaitwa Bihogo. Asante ni jina ya butiki."

Kwenye mlango wa kibanda cha jirani akachomoza mzee mwenye koti la mvua, tumbaku mdomoni. Kila mtu kambini alimjua Papa Gustave, maana ndiye aliyekuwa kwenye komite ya kambi na ndiye aliyeingilia kila ugomvi.

"Kijana," alisema, "kila juma muntu anakuja hapa kusema munyama fulani ni yake. Hata mbuzi yangu ilishapata baba batatu. Una alama gani?"

Mucyo aliweka ulimi kwenye meno, akaita kama baba yake alivyokuwa akiita jioni kutoka ng'ambo ya kijito. Bihogo aligeuka mwili mzima. Kigingi kiling'oka na matope yake. Alikuja akiburuza kamba, akamtia Mucyo pua kwapani, akahema.

Papa Gustave alitema tumbaku. "Alama nimeiona," akasema.

Mwanamke alikuwa anaitwa Mama Mbambu. Hakubisha, hakulia, wala hakuita watu. "Nilijua utakuja," alisema. "Nilikuwa naomba ukuje."

"Ulikuwa unaomba nikuje, ao nisikuje?"

Mama Mbambu aliwatazama watoto. "Yote mbili. Asubuhi naomba ukuje. Magaribi, nikiona hawa batoto, naomba uchelewe."

Mtoto mmoja alicheka, akafunga mdomo kwa kikopo. Mama Mbambu akamimina maziwa yaliyobaki kwenye kikombe chake mwenyewe, akamnyooshea Mucyo kwa mikono miwili. "Umetoka mbali. Ikala, unywe."

Hapo ndipo Mucyo alipobanwa. Kwao maziwa hayanywewi wima kama maji ya njiani. Unakaa, unapokea, unakunywa. Na ukishayanywa maziwa ya nyumba, huwezi tena kuigombeza nyumba hiyo siku hiyo. Kuyakataa nako ni kuwatukana waliokupa. Mama huyu, asiye mfugaji, hakulijua hilo, ila mikono yake ilikuwa imenyooka pale pale, na maziwa yenyewe yalikuwa ya ng'ombe wake!

Alibaki wima.

"Kijana, maziwa haiumi," Papa Gustave akasema.

"Unyamaze, mzee!" Sauti ilimtoka Mucyo kama kitu kilichovunjika. "Munamushukuru Mungu kwa nini hapa? Kwa wizi? Mungu hakutuma ng'ombe. Ng'ombe alitumwa na watu benye bunduki, na baba yangu akafa juu yake! Weye unapiga magoti unasema asante. Asante kwa nani? Kwa bale wauaji? Kila siku, asante, asante! Wanatuchoma, asante. Wanatuzika, asante. Njo maana hawachoki kurudi!"

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Watu wa vibanda vya jirani walisimama milangoni. Mama Mbambu aliweka kikombe chini, juu ya bidon, taratibu. Kisha akanyooka, na Mucyo akaona kwamba alikuwa mrefu kuliko alivyodhani.

"Unafikiri hasira iko yako peke yako?" aliuliza. "Mimi ni mutu wa Butembo. Miaka kumi na inne tulikuwa na duka Mubi, kule Walikale, mimi na Katembo, bwana yangu. Watu wa bunduki waliichoma na yee akiwa ndani. Nilimuzika nyuma ya ukuta, bila sanduku, bila padri. Nikatoka na batoto yangu batatu na mashini ya kushona juu ya kichwa. Kuvuka pori yote ile, na mashini juu ya kichwa! Kufika hapa karibu, nakuta wanaume wawili na ng'ombe anatoka damu, banamupeleka kuchinja. Na mashini hapa ingenishonea nini? Nani ananunua robo mupya ya kuvaa katika kambi? Nikawapa mashini, wakaniachia ng'ombe. Alikuwa karibu ya kuzaa. Mimi hata sikujua."

Alivuta pumzi.

"Bale sikuwashukuru hata siku moja. Siku wataniuliza, nitawatemea mate. Lakini mutoto akiamuka anapumua, nimunyime Mungu asante yake, sababu ya bale? Waliniba bwana, waliniba duka. Hii asante, waiache."

Kisha akafanya jambo lililomkasirisha Mucyo kuliko yote. Akaokota kamba ya kitenge kwenye matope, akaipangusa, akamtia mkononi.

"Ni yako. Wende naye. Kétsia, kafungulie ndama."

Kétsia, binti yake wa miaka sita hivi, alikwenda kwenye kigingi cha pili. Hakulia kwa sauti. Alifungua fundo kwa meno, akaleta ndama, akarudi kwenye mstari wake ingawa kikopo chake kilikuwa kimekwisha zamani.

Mucyo akaondoka. Hakuna aliyemzuia. Alimpitisha Bihogo kati ya vibanda, ndama nyuma, uso wake ukiwaka. Angefika nyumbani mchana. Angemwona Isimbi akikimbia. Ng'ombe alikuwa wake, Mungu shahidi, na watu wote wa kambi mashahidi! Kwa nini basi alitembea kama mwizi?

Hakufika mbali. Bihogo alikuwa anatembea vibaya, miguu ya nyuma imetanuka. Mucyo aliinama, akapapasa kiwele. Kilikuwa kigumu, moto, kimejaa. Yule mama alikuwa akipata yale ya juu tu. Hakujua kwamba ng'ombe wa kilimani hawezi kuachia maziwa kabla ndama hajanyonya kwanza; alimfunga ndama mbali mpaka amalize kukamua, akidhani ndama anawaibia watoto. Miezi mizima watoto tisa waligawana matone, na kisima kipo hapo hapo!

Mchungaji halazimiki kumpenda mtu ili amkamue ng'ombe wake. Kutembea saa tatu na kiwele kile kungemharibu. Basi alirudi, amekunja uso kama mtu aliyesahau deni la jirani.

"Nipe chombo," alisema bila salamu. "Hapana hiyo ya kufulia! Nipe sufuria."

Mama Mbambu alileta sufuria. Mucyo alichuchumaa upande wa kushoto, akamwachia ndama. Ndama akagonga kiwele kwa kichwa, akanyonya, mkia ukicheza. "Mwangalie," Mucyo alifoka. "Yee njo anafungua mulango. Weye ulikuwa unapita dirishani!" Kisha akamvuta ndama pembeni, Kétsia akamshika, na mikono yake ikaanza kazi.

Mikono ilianza, na mdomo ukafuata, maana kwao hawakamui wakiwa kimya. Kwa lugha ya mama yake, akamsifu:

*Bihogo, uliyevuka mto kifua kikiwa kikavu,*
*binti wa waliokataa kulala wakati simba ananguruma,*
*pembe zako zimeupokea mwezi,*
*nyumba uliyoingia haikuzima moto.*

Baba yake alikuwa akizisema hizo kila jioni, na zikiisha aliongeza, kwa sauti ile ile, "Na sifa kwa Yeye aliyekuumba." Mucyo alifika hapo akakwama. Maziwa yalikuwa yanaingia kwa nguvu sasa, mistari miwili minene, povu likipanda ukingoni mwa sufuria. Akasema maneno yale. Aliyasema kwa meno yaliyobana, kama mtu anayegombana na Mungu uso kwa uso, lakini aliyasema yote.

Sufuria ikajaa. Wakaleta nyingine.

Watoto walikunywa, wakarudi, wakanywa tena mpaka wengine wakapata masharubu meupe. Papa Gustave naye alipanga mstari, akiwa na kikombe cha nani sijui. "Mimi pia ni yatima," alisema. "Baba yangu alikufa mwaka wa sitini na saba."

Mama Mbambu alichukua kikombe kilichokuwa juu ya bidon, akakijaza tena, akakinyoosha kwa mikono miwili.

Mucyo alikitazama. Alimfikiria Isimbi na mikono yake. Alikifikiria kilima chao, ambako wale wangeweza kurudi wiki yoyote, wakipiga miluzi. Aliangalia mstari wa vikopo. Akakaa chini kwenye matope, akakipokea, akanywa mpaka mwisho. Hasira haikwenda popote. Iliketi naye pale pale, ila haikuwa tena inamtazama mwanamke huyu.

Alipomaliza alijaza bidon ndogo kwa ajili ya nyumbani, akafunga kifuniko kwa jani la mgomba. Halafu akaokota jiwe, akakirudisha kigingi ardhini, na kumfunga Bihogo kwa kamba mpya aliyokuja nayo.

"Unafanya nini?" Mama Mbambu aliuliza.

Mucyo alisimama mbele yake, bidon mkononi.

"Mama Mbambu, sikia vizuri, na huyu mzee wa komite asikie. Ng'ombe ni yangu, na ndama ni yangu. Lakini kesho, mbele jua ipande, niko hapa. Na kesho kutwa. Na kila siku, mpaka maharage yenu ikomae. Nitamukamua na hii mikono yangu: nusu ya hawa batoto, nusu ya mama yangu. Mukishukuru, nitasimama hapa nishukuru pamoja nanyi. Lakini kunyamaza, hapana! Bale waliua baba yangu na bwana yako, nitauliza majina yao katika kila soko na kila njia, na nikiyapata nitayasema wazi, hata mbele ya altare ya kanisa. Nakuahidi, Mama. Zote mbili, nakuahidi."