Handaki la Baba Yake Casimiro

Bibi Eulalia, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliapa kwamba amemwona mzee Casimiro juu ya baiskeli, kofia kaigeuza nyuma, akikata upepo kwenye njia ya reli kama kijana anayekwenda kuposa.

"Umeota, Bibi," Araceli alimjibu, huku akijaza upepo tairi. "Babu yangu, kwenye njia ile?"

"Nimeota, na mbuzi wangu nao wameota? Mbona walimpisha!"

Kazi ya Araceli ilikuwa kukodishia wageni baiskeli kwenye stesheni ya zamani. Stesheni ilijengwa, madaraja yakajengwa, milima ikatobolewa, lakini treni haikufika hata siku moja. Mpaka leo katika mji huu wa Olvera, fundi akikuzungusha na kazi yako, utaambiwa itakuja na treni. Baba yake Casimiro alichimba lile handaki refu, akafa akiisubiri treni. Ndipo Casimiro akaapa hatakanyaga njia ile mpaka treni ipite. Njia ikageuzwa ya baiskeli, wageni wakaja kuiendesha miaka nenda rudi. Yeye hata kuchungulia, hakuchungulia.

Na kesho shangazi Piedad, binti wa mzee, angekuja kumhamishia Sevilla. Tangu mzee aanguke jikoni, shangazi alishaamua kuwa hajiwezi. Araceli, ambaye babu huyo ndiye aliyemlea, hakuwa na hoja ya kumzuia. Labda kama Bibi Eulalia hakuota.

Alidandia baiskeli. Njia ilipita katikati ya mizeituni, ikavuka daraja lililosimama juu ya mto kwa miguu myembamba ya mawe. Mbele, jabali la tumbusi lilijitokeza, na ndege wenyewe walielea juu yake bila kupiga bawa. Alikuwa amepita hapo mara nyingi, na bado alipunguza mwendo.

Kwenye mdomo wa handaki aliiona baiskeli nyekundu ya marehemu bibi yake. Casimiro alikuwa amesimama pembeni, kiganja ukutani.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Nimekuja kukagua kazi ya baba."

"Na kiapo, Babu?"

"Huko Sevilla wakiniuliza handaki la baba yako likoje, niseme sijui?" Akalipigapiga jiwe kama mtu anayempongeza ng'ombe wake. "Tazama. Hata tone moja halivuji. Mzee wangu alikuwa mtu, Araceli. Mtu!"

Araceli alitazama jiwe, kisha akamtazama yeye: shati limelowa jasho, miguu imara, uso umeng'aa. Umbali wote ule, na vilima vyake, alikuja peke yake.

"Babu," alisema, "kesho shangazi akifika asikukute kitini. Twende tukamlaki kwa baiskeli, akuone. Halafu mwambie mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba huhami. Mimi hatanisikia. Utamwambia?"

Mzee aliinama, akaanza kuchomeka ncha za suruali ndani ya soksi, zisinaswe na mnyororo. "Shangazi yako anafika saa ngapi?"