Bomba Juu ya Meko

Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hilo Gusii halina mjadala, kunyeshe au kuwake. Hata uwe umesoma hadi vitabu vikuogope, mkwe wako akija njiani unampisha, na yeye akifika kwako anaishia nje. Ndiyo heshima, na Kemuma aliishika vizuri sana. Shida ni kwamba aliishika huku akiamini kuwa yule mzee hampendi.

Mwaka huo, sabini na nne, alikuwa amerudi likizo kutoka chuoni Nairobi, nyumbani kwa mumewe Ratemo, kwenye kilima kimoja karibu na Ikonge. Ratemo mwenyewe alikuwa karani mjini Kisii, hakuonekana ila wikendi. Kemuma alikuja na vifaa vyake vya fizikia: bomba la shaba lenye urefu wa mkono, kisanduku cha umeme, betri ya gari na spika ndogo. Wanawake waliokuwa wakichuma chai walimtazama akishusha mzigo, wakasema haya, huyu ametuletea redio isiyoimba.

Haikuwa redio. Kuna chembe ziitwazo neutroni, nyingine hushuka kutoka angani mchana na usiku, nazo hazina chaji, kwa hiyo hupita bila mtambo kuzihisi. Lakini ndani ya bomba lile mlikuwa na gesi yenye boroni. Neutroni ikiigonga boroni, boroni hupasuka, na vipande vyake vyenye chaji hushtua waya mwembamba ulio katikati. Hapo spika husema: tik. Neutroni yenyewe huisikii kamwe. Unasikia ilichokivunja.

Mwalimu wake alimwazima vifaa hivyo kwa sharti. Akipima vizuri neutroni za milima hii, kuna nafasi moja ya kuendelea na shahada ya pili, na itakuwa yake. Akivuruga, itaenda kwa mwingine. Kemuma aliitaka nafasi hiyo hadi chakula hakimshuki.

Sasa Agosti ya Ikonge unaijua? Ukungu asubuhi, mvua alasiri. Kemuma aliona bomba limelowa unyevu, akafanya ambalo mke yeyote wa kule angefanya kwa kitu anachotaka kikauke. Akalipandisha uchagani, juu ya meko, Nyangate, mama mkwe wake, akisogeza kikapu cha wimbi ampe nafasi. Kila jioni bomba lilipanda, kila asubuhi lilishuka kavu, lina joto zuri mkononi. Na hesabu, lo! Zikapanda nazo. Tik-tik-tik-tik, kama mahindi kaangoni. Kemuma alicheka peke yake chumbani. Milima ya kwetu ina neutroni nyingi kuliko popote alikosoma habari zake!

Jambo moja tu lilimkera. Baba mkwe wake, Mzee Zachariah, mwalimu mstaafu ambaye macho yalikuwa yamemfifia, alianza kuja kusimama nje ya ukuta kila mtambo ulipowashwa. Anaegemea mkongojo, hasemi neno. Kemuma akajua moja kwa moja: kelele zinamuudhi. Akapunguza sauti ya spika.

Nyangate akaingia bila hodi. "Mzee anauliza kwa nini umeipunguza."

"Si inamsumbua, Mama?"

Nyangate akatoka, akarudi. "Anasema haimsumbui. Anasema inadanganya."

Uso wa Kemuma ukawaka. "Inadanganya?"

"Usinitolee macho mimi, nimetumwa tu. Anasema hizo zinakuja kwa makundi, zinasukumana kama watu wa soko la Magwagwa. Ati neutroni hazina jamaa, kila moja huja kivyake."

Kemuma akaketi. Mama mkwe wake, mwenye unga mikononi, ametamka neutroni. "Mama, Tata ameyajulia wapi haya?"

"Kwani Ratemo hakukwambia? Au naye hajui. Huyu mzee alisomea Uingereza mambo hayohayo, kabla hatujapata mtoto. Alitengeneza bomba kama hilo kwa mikono yake. Kaka yake akafa, akarudi kulea wale watoto, akawa mwalimu wa shule, basi. Hajalitaja tena. Lakini tangu ulete hicho kitu chako hanipi nafasi ya kupumua. Leo amewasha? Leo imesemaje?"

Kulikuwa na njia ya kujua ukweli, na Kemuma kwa furaha yake alikuwa ameipuuza. Katika mzigo wake mlikuwa na bati laini la kadimiamu, madini ambayo humeza neutroni. Ukilivika bomba bati hilo, mlio karibu wote hukoma. Akalivika.

Tik-tik-tik-tik. Haukupungua hata chembe.

"Uwongo," akasema, na machozi yakamtoka hapohapo. "Likizo nzima nimehesabu uwongo, na Jumatatu ninarudi!"

Nyangate akamkumbatia, unga na yote, akapaza sauti kuelekea dirishani. "Umemliza mtoto wa watu! Haya, furahi!"

Nje mkongojo ukasogea karibu na ukuta. Kisha mzee akasema polepole, "Muulize, usiku huliweka wapi."

"Nimuulize nini, na mimi ndiye niliyempa nafasi? Uchagani, palipo na wimbi."

Mzee alicheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Mmelikausha kama samaki!"

Kemuma aliliinua bomba na kutazama mwisho wake, kwenye pete ya kauri inayozuia umeme usitoroke. Ilipaswa kuwa nyeupe. Ilikuwa imefanya weusi wa kung'aa, na juu ya weusi huo umeme ulikuwa ukitambaa na kurukaruka, kila mruko ukijifanya neutroni.

"Masizi!" akasema.

"Masizi," mzee akasema nje, wakati uleule.

Nyangate akatazama ukuta, akamtazama mkwewe. "Na mimi mnanitumia kwa nini?"

Hata hivyo alitumwa mara ya mwisho. Alirudi na chupa ya spiriti ya kuwashia stovu na kitambaa laini, kile ambacho mzee alikuwa akifutia miwani siku ambazo miwani ilimsaidia. Kemuma alifuta kauri hadi ikang'aa, akachunga vidole vyake visiiguse. Jua lilijitokeza kidogo, akalianika bomba hadi kauri ikakauka kabisa. Akaunganisha nyaya, akawasha.

Hakuna kitu.

"Mimi ninakwenda kukamua," Nyangate akasema. "Nimechoka kuwa simu yenu." Akawaacha na ukuta wao.

Kemuma akaivuta spika, akaiweka dirishani ikitazama nje. Mwenyewe akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Upande wa pili alisikia kigoda kikiburutwa, kisha mgongo mwingine ukiegemea udongo uleule. Hawakuonana. Heshima ilikuwa palepale.

Tik.

Wakangoja. Wakangoja tena. Tik.

"Hiyo," mzee akasema. "Hiyo ndiyo yenyewe, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Kemuma aligeuza uso kuelekea dirishani. "Tata, mimi nilidhani hunipendi."

"Mimi? Mimi nikisikia umewasha, chai yangu hupoa kikombeni. Sikujua tu nianzie wapi."

"Na siku zilizobaki zitatosha?"

"Zitatosha tukipokezana. Macho yamekwisha, masikio ninayo."

Tik, ikasema spika. Kemuma akauliza taratibu, "Wewe bomba lako ulilifikisha wapi?"

"Hapa tulipo leo. Nilisikia mlio kama huu jioni moja, nikasema kesho nitalivika kadimiamu nihakikishe. Kesho yake telegramu ikaja kwamba kaka amefariki. Nikafunga mizigo." Kigoda kikasogea kidogo. "Ninaamini ulikuwa mlio wa kweli. Lakini sikupima, Kemuma. Miaka yote hii, sikupima."

Kemuma aliinuka, akachukua lile bati, akalivika bomba kwa uangalifu, akarudi kuketi palepale.

Upepo ulipita kwenye chai. Huko zizini Nyangate alikuwa akimgombeza ng'ombe. Spika haikusema kitu.

"Umelivika?" mzee akauliza.

"Nimelivika, Tata."

"Imenyamaza."

"Imenyamaza kabisa."

Akamsikia analia nje pale, bila kujizuia, na yeye akalia naye ndani. Nyangate alirudi na kibuyu cha maziwa, akamkuta mumewe kwenye kigoda anajifuta macho kwa mkono wa koti, na spika kimya dirishani.

"Ala! Mmeiharibu tena?"

"La, Mama," Kemuma akajibu kutoka ndani. "Imepona."