Mita Yao, Ubao wa Nani?

Mita yetu ya umeme ilikuwa inaning'inia ukutani kama jino bovu, umeme ukikatika kila mara, nami nilitaka kujua kitu kimoja tu: nani anapaswa kuitengeneza? Mwenye nyumba alikuja shingo upande, akasema, "Mwanangu, hiyo ni mali ya kampuni. Mimi simo."

Fundi wa kampuni akaichunguza, akatikisa kichwa. "Mita ni yetu, dada. Ukuta na ubao huu ulioibeba ni vya mwenye nyumba. Na ubao umeoza."

"Ubao aliuweka mpangaji aliyekutangulia!" mwenye nyumba akaruka.

Hapo nikapandwa na mori. Kila mtu anamtupia mwenzake mpira, na giza ni langu! "Kaka, hebu ung'oe huo ubao," nikamwambia fundi. Akakata umeme, akaishusha mita, akanikabidhi ubao. Nikaugeuza, nikafuta vumbi, nikampa mwenye nyumba.

"Mzee, nisomee. Macho yangu leo hayaoni vizuri."

Akasoma polepole maandishi ya rangi nyekundu, yaliyokuwa juu ya namba yake mwenyewe ya simu: "Vyumba vinapangishwa. Matengenezo yote juu yangu."

Akakohoa. "Fundi," akasema, "ubao mpya uwe na upana gani?"